Uzi Mmoja wa Hariri ya Nduna

Juma lililopita mliniacha mlangoni mwa boma la Songea, askari mmoja kulia, mwingine kushoto. Mtanisubiri kidogo hapo hapo mlangoni. Wapo waliochelewa, nao ni lazima wajue tulikotoka.

Mimi ni Mwanaisha binti Chande, Myao wa Nalasi. Mume wangu Swalehe alikuwa fundi wa kushona. Yeye akikata na kushona, mimi nikitia darizi shingoni na pindoni. Tulihamia Songea miaka mitatu kabla ya vita vya Maji Maji, na wakubwa wote waliotaka nguo ya heshima walikuja kwetu.

Mmoja wao alikuwa Nduna Mbalale, mmoja wa wakuu wa Wangoni, aliyekuwa ndiyo kwanza amesilimu. Alitaka joho la hariri tupu. Mume wangu akakataa katakata. Mwanamume Mwislamu havai hariri tupu, akasema, hata awe nduna, hata awe sultani.

Tulikuwa na kitambaa kingine, chekundu chenye mistari ya kijani. Kilifumwa kwa nyuzi mbili, hariri na pamba. Hariri hung'aa kwa nje, pamba ndiyo inayogusa mwili. Hicho ni halali. Lakini nduna hakutaka kusikia habari ya pamba. Pamba wanavaa wapagazi, alisema.

Basi mimi nikaingia katikati. Mume wangu nikamwambia nduna ameridhia mchanganyiko. Nduna nikamwambia ni hariri tupu, Baba, kutoka Maskati. Joho likashonwa, wote wawili wakanishukuru, nami nikajiona nina akili kuliko watu wa Songea nzima.

Kipande kilichobaki nilimshonea mume wangu mshipi. Aliuvaa ndani ya koti, siku za Ijumaa tu. Kitambaa kile hakuna mtu mwingine aliyekuwa nacho. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Vita vikaja, vikatula. Nyumba ya nduna ikachomwa moto na joho lake likiwa ndani. Wengine wakanyongwa, wengine wakafa kwa njaa. Kisha, watu walipoanza kusema sasa yamekwisha, tarishi wa serikali akauawa kwenye kivuko cha Luhira na barua zake zikachukuliwa. Juu ya mwiba, hatua chache kutoka kwenye maiti, pakakutwa kipande cha kitambaa. Chekundu, mistari ya kijani.

Siku ile ya mauaji mume wangu hakuwepo nyumbani. Alikaa siku mbili bila kuniaga. Aliporudi alikula, akalala, akaamka bila kusema alikotoka. Nilipoinua kapu la mabaki ya vitambaa nikaukuta mshipi wake umefichwa chini yake. Ncha moja haipo.

Sikumwuliza. Mwanamke mwenye mdomo kama wangu, niliyekuwa nimemfokea juzi yake tu kwa sababu jora letu la bafta nyeupe linapungua na mteja simwoni, safari hii nilinyamaza. Niliogopa jibu.

Askari walipokuja asubuhi kumwita fundi aende akatambue kitambaa, Swalehe alikuwa ametoweka tena. Nikawaambia fundi ana homa, na kwamba mimi navijua vitambaa kumshinda yeye. Sasa tuingie.

*

Bwana Mkubwa, Mjerumani, alikuwa amekaa barazani nyuma ya meza. Huyu alikuwa mgeni, hana mwezi mmoja tangu aletwe. Kiswahili chake kilianzia kwenye "jambo" na kuishia kwenye "upesi". Aliyekuwa ulimi wake na masikio yake ni Leodegari.

Leodegari mlimfahamu juma la juzi. Kijana wa Kingoni aliyelelewa na mapadri, kanzu nyeupe, sauti ya upole, kitabu chake cha sala kwapani saa zote. Asubuhi ile alikiweka mezani, na ndani yake, mahali pa alama ya ukurasa, palikuwa na unyoya wa kuku. Niliuona. Nikafikiri, kijana safi namna hii na unyoya wa kuku! Kisha nikausahau, maana macho yangu yaliangukia chini.

Chini, mbele ya meza, alikuwa amekaa Nduna Mbalale. Mnyororo shingoni. Alikuwa amejifunga gome la mti kiunoni, kwa kuwa mwaka ule nguo zilikwisha na watu wakarudia magome ya mababu zao. Mtu aliyedharau pamba.

Nilipiga goti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo hajambo?"

"Ana homa, Baba."

"Pole yake. Ni mtu mwema yule."

Nikahisi joto linanipanda mpaka masikioni. Bwana akagonga meza kwa kalamu.

"Bwana anauliza," akasema Leodegari, "wewe ndiye uliyeshona joho la mtu huyu?"

"Mume wangu alishona. Mimi nilitia darizi."

Bwana akafungua bahasha, akatoa kile kipande, akakiweka juu ya meza.

"Bwana anasema watu watano wameapa kwamba kabla ya vita walimwona Mbalale amevaa nguo ya rangi hii. Anauliza, hiki kimetoka kwenye joho lake?"

Nilifungua mdomo. Sijui hata leo ningesema nini, kwa sababu nduna aliniwahi.

"Msimtese mtoto wa watu," akasema. "Mimi nitawaonyesha njia ya kuujua ukweli."

Leodegari akageuka. Bwana naye akageuka.

"Joho langu lilikuwa hariri tupu," akasema nduna. "Siku nililoletewa, huyu huyu binti aling'oa uzi mbele yangu, akauchoma. Nikanusa kwa pua yangu. Ulinuka nywele zinazoungua. Akaniambia, Baba, hariri hutoka kwa mdudu, na kitu cha mdudu kikiungua hunuka kama nywele za mtu. Pamba hutoka shambani, ikiungua hunuka majani makavu. Kweli au uongo, mwanangu?"

"Kweli, Baba," nikasema.

Ilikuwa kweli. Kila neno nililisema. Ila sikumwambia kwamba nilichagua uzi wa kuung'oa.

"Basi," akasema nduna, na sauti yake ikawa ya mtu anayetoa amri, mnyororo au hakuna mnyororo. "Mimi sikufika Luhira. Joho langu liliungua ndani ya nyumba yangu, nami nimesimama nalitazama. Hicho kitambaa chenu ni pamba iliyopigwa wanga ikasuguliwa, imeng'aa. Kichomeni. Kikinuka nywele, ni changu, ninyongeni. Kikinuka majani, nifungueni nikakae na mke wangu. Wanangu wawili wamekufa na njaa na sikuwazika."

Leodegari akatafsiri. Bwana alisikiliza, akainua nyusi, kisha akacheka kidogo. Alipenda. Nadhani aliona ni mchezo mzuri wa kuandikia kwao. Akaagiza kijinga cha moto kutoka jikoni.

Wasomaji, nisikilizeni hapa. Mwenye hatia haombi moto. Mtu aliyeamini joho lake ni hariri, na aliyejua lilichanika Luhira, angesema chochote kingine, lakini hangesema kichomeni. Nilijua palepale, kabla hata moto haujaletwa, kwamba nduna hana hatia. Nataka mlijue hilo mapema ili msije mkanionea huruma isiyokuwa yangu.

*

Wakanipa kipande mkononi.

Kilikuwa na upana wa vidole viwili na urefu wa kiganja. Ncha moja imefumuka nyuzi. Ncha ya pili imenyooka kama iliyopimwa. Vidole vyangu viliuhisi ule unyoofu. Vidole vya fundi havidanganyi. Lakini kichwa kilikuwa kimejaa jambo moja tu, mshipi chini ya kapu, mshipi chini ya kapu, nikapita.

Nitaeleza jambo la kazi yetu, nalo ni dogo. Kitambaa kina nyuzi za namna mbili. Zile zinazotangulizwa kutandwa kwa urefu tunaziita mtande. Zile zinazopitishwa katikati yake kwa upana ni mshindio. Kwenye kitambaa chetu kile mtande ulikuwa hariri na mshindio ulikuwa pamba. Ukivuta uzi kwa urefu, unanuka nywele. Ukivuta kwa upana, unanuka majani.

Kitambaa ni kimoja, kipo mkononi mwako, na majibu ni mawili.

Nikivuta mshindio, nduna anafunguliwa. Halafu Bwana ataniuliza, kama si yeye, kitambaa hiki kinachong'aa hivi umemshonea nani mwingine? Watakwenda nyumbani. Watainua kapu.

Nikivuta mtande, mambo yanaishia hapa hapa. Hakuna atakayetafuta tena. Mume wangu atakula chakula chake cha mchana.

Leodegari alichuchumaa karibu nami, kijinga cha moto mkononi. Aliniangalia vidole.

"Utavuta uzi gani, Mama?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Uzi ni uzi," nikajibu. 

"Padri alinifundisha kutunza mavazi ya misa," akasema, bado kwa sauti ile ile. "Kukunja, kushona palipofumuka. Najua nguo ina nyuzi zinazokwenda huku na nyuzi zinazokwenda kule."

 Amejua, nikasema moyoni. Sasa atageuka, atamwambia Bwana kwa Kijerumani, na nitaunganishwa na nduna kwenye mnyororo mmoja.

Hakugeuka. Alipuliza kaa mpaka likawa jekundu.

"Haya, Mama," akasema. "Chagua."

Nilidhani ni huruma. Nilimwona kijana mwenye roho nzuri, amemwona mwanamke amebanwa, amemwachia nafasi. Nusura nimbariki.

Nikavuta mtande.

Uzi ulitoka mrefu, mwembamba, unametameta. Nikausogeza kwenye kaa. Ukajikunja, ukawa punje nyeusi, na ile harufu ikapanda.

Nduna aliinusa kabla ya Bwana. Nilimwona. Pua ilitanuka, kisha uso wake mzima ukalegea, kama mtu aliyeitwa kwa jina la marehemu.

"Haiwezekani," akasema.

Bwana aliinama, akanusa, akakohoa. Akasema neno moja.

"Nywele," akasema Leodegari.

"Haiwezekani!" nduna akapaza sauti. "Mwanangu, choma mwingine! Choma hata tatu! Mwambieni Bwana achome mwingine!"

Leodegari akamgeukia Bwana na kusema. Alisema maneno machache kuliko yale ya nduna, tena akiwa ameinamisha macho. Bwana akatikisa kichwa na kuanza kuandika.

"Bwana amekataa," akasema Leodegari. "Uliomba moto mwenyewe, Mzee. Umepata."

"Mwanangu," nduna akaniambia, na sasa hakupaza sauti. "Wewe ni fundi. Nitazame."

Sikumtazama. Nilitazama kidole changu kilichoungua kidogo kwenye ncha. Ningeweza kusema. Neno moja tu, "kuna uzi mwingine", na lingetosha. Nilikuwa na afya njema, nina akili timamu, hakuna aliyenishika koo. Nikanyamaza. Haya ndiyo niliyokuwa nikiwaahidi kuwaambia tangu juma la kwanza, na nimekaa nayo miaka hii yote mpaka mvi zimejaa kichwani.

Hukumu ilisomwa haraka. Jua likifika utosini, atanyongwa. Uani palikuwa na mti wa kunyongea, na kamba ya katani ilikuwa mpya, haijapoteza hata rangi yake.

Askari wakamwinua. Alipopita karibu nami akasimama. Nilidhani atanitemea mate, na ningeyapokea.

"Mwambie mumeo," akasema, "nashukuru kwa sanda."

"Sanda gani, Baba?"

Askari akamsukuma. Hakujibu, au alijibu na mlio wa mnyororo ukalimeza jibu lake.

*

Nilitoka bomani nikitembea kama mlevi. Sanda gani? Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani.

Mume wangu alikuwa amesimama nje, ng'ambo ya njia. Vumbi mpaka magotini, sindano imechomekwa kwenye kola, kofia mkononi. Na kiunoni, mchana kweupe, nje ya kanzu, amejifunga mshipi ule mwekundu wenye mistari ya kijani.

Nilimrukia. Nilimvuta nyuma ya ukuta wa mawe.

"Una wazimu? Vua! Vua haraka!"

"Che Mwanaisha, wamekufanya nini? Nimefika nyumbani nikaambiwa umechukuliwa na askari. Nimekimbia..."

"Vua mshipi, Swalehe!"

"Kwa nini?"

"Kwa nini! Mimi nimekwisha kukuokoa, wewe unajileta mwenyewe na ushahidi kiunoni!"

Alinitazama kama mtu asiyejua lugha ninayosema.

"Umeniokoa na nini?"

 Mtu ukiishi naye miaka kumi unajua uso wake unapodanganya, na uso ule haukuwa unadanganya.

"Tarishi alipouawa," nikasema polepole, "hukuwepo. Siku mbili. Ukarudi, ukaficha mshipi, na ncha haipo. Ulikuwa wapi?"

Akainamisha kichwa.  Nilikuwa nikiomba, astaghafirullah, nilikuwa nikiomba aseme nilimwua.

"Nilikuwa nyuma ya milima ya Matogoro," akasema. "Nashona sanda."

"Sanda za nani?"

"Za waliokufa na njaa. Hawana watu, hawana nguo, wanafukiwa na magome. Nikaona haifai, nami nina bafta nyumbani. Watoto wa Mbalale wawili, baba yao akiwa bado mafichoni porini, niliwaosha mwenyewe, nikawaswalia, nikawazika. Mama yao alipata njia ya kumpelekea habari gerezani. Leo asubuhi nilikuwa na wengine watatu."

"Bafta," nikasema. "Jora la bafta."

"Nilijua utanifokea. Ndiyo maana sikuaga. Ulishafoka kwa dhiraa nne, ningekuambia jora zima?"

Nilikaa chini. Palikuwa na mawe na siafu, nikakaa hapo hapo.

"Na mshipi?" nikauliza. "Ncha ya mshipi iko wapi?"

"Mshipi?" Akaushika, akaona aibu kama mtoto. "Nimeukata mwenyewe kwa mkasi. Tena kabla ya mwezi wa Ramadhani. Nikauficha kwa sababu darizi ni yako, najua utanuna mwezi mzima. Leo nimetoka mbio nikaufunga bila kuangalia, mwingine ulikuwa umelowa."

"Ulikata ukampa nani?"

"Alikuja mtu kuniomba utepe wa kutia kwenye kitabu. Ule wake ulikuwa umechakaa. Akaupenda huu. Nikaona ni kitabu cha Mungu, ingawa si dini yetu, nikasema chukua. Kijana mwenye adabu sana. Leodegari wa bomani."

Wasomaji, mimi ni fundi. Nilikishika kile kipande kwa vidole vyangu. Ncha moja imefumuka kwa mwiba, ncha ya pili imenyooka. Mwiba haunyooshi kitambaa. Mwiba huchana. Kilichonyoosha ni mkasi wa mume wangu, na mtoto wa fundi anayejifunza kushika sindano angeliona. Mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumhukumu mume wangu mwenyewe moyoni, kisha nikaenda kumlipia kwa roho ya mtu mwingine.

Na ule unyoya wa kuku ndani ya kitabu, mahali pa utepe uliobaki kwenye mwiba wa Luhira. Na ile "chagua, Mama". Haikuwa huruma. Alijua uzi nitakaouvuta, alihitaji niuvute.

Kwa nini alimwua tarishi sikujua. Pengine yalikuwa yake na serikali, kwa maana hakuna nyumba ya Ungoni ambayo kamba ile haikuipita. Siku ile sikuwa na nafasi ya kuyawaza. Nilitazama juu. Kivuli changu kilikuwa kimefupika mpaka miguuni.

"Mwanaisha, unakwenda wapi? Mwanaisha!"

Nilikimbia. Kanga ilianguka nikaiacha. Askari wa mlangoni walipishanisha bunduki, nikapenya chini yake, mmoja akanidaka mkono, nikamng'ata. Sijutii. Nilifika uani nikipiga kelele.

"Bwana! Nduna hana hatia! Nimewadanganya! Kitambaa kina nyuzi mbili! Bwana, chomeni uzi mwingine!"

Nduna Mbalale alikuwa amekwisha kusimamishwa juu ya kasha. Kamba shingoni. Aligeuza kichwa kwa taabu, akanitazama, na kwenye macho yake nikaona kitu nilichokuwa nimekizima asubuhi kikiwaka tena.

Bwana alikuwa amesimama kando, saa yake ya mfukoni mkononi. Alinikunjia uso. Hakuelewa hata neno moja. Nilimwonyesha vidole viwili, nikapitisha kimoja juu ya kingine, hivi na hivi, nyuzi, Bwana, nyuzi! Akaniona mwehu. Lakini alitaka kujua mwehu anasema nini, maana aliinua mkono, askari aliyekuwa ameshika kasha akangoja.

"Leodegari!" akaita.

Akatoka barazani bila haraka. Kanzu nyeupe, kitabu kwapani. Nyuma yangu mume wangu alikuwa amefika, anahema, amenishika bega ili anirudishe nyumbani.

Leodegari akanitazama. Kisha macho yake yakahamia kwa Swalehe, yakashuka kifuani, yakashuka tumboni, yakatulia kiunoni, kwenye mshipi mwekundu wenye mistari ya kijani na ncha moja iliyokatwa. Akaangalia pale kwa muda, mpaka akahakikisha kwamba nami nimeona anapoangalia.

Bwana akasema kitu kwa ukali, akigonga saa kwa ukucha.

"Mama," akasema Leodegari kwa ile sauti yake ya upole, "Bwana anauliza una neno gani. Sema usiogope. Nitamfikishia mimi."